Kwani Wazungu wana shida gani?

  

Mwezi huu nimepata ujumbe wa msomaji wetu mmoja, binti wa mwaka wa pili chuo kikuu. Amepata nafasi ya kwenda kujitolea Ulaya mwaka mzima. Anauliza aahirishe masomo aende, au amalize chuo kwanza? Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeona aibu, ameongeza: "Dada, hivi huko nitapata marafiki kweli?"

Swali la kwanza nilimjibu siku ileile. La pili limenikalisha macho usiku, kwa sababu na mimi niliwahi kujiuliza hivyo hivyo, na jibu nililolipata linaanzia mbali kidogo. Kwa hiyo vuta kiti.

Mwaka 2015 nilikuwa nasomea mawasiliano hapa Dar, nimemaliza mwaka wa pili. Nikaahirisha mwaka, nikaenda Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, kufanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Miezi kumi na miwili. Nilipoaga mtaani kwetu, mama mmoja jirani aliniuliza mbele ya watu: "Unakwenda kujitolea kwa Wazungu? Kwani Wazungu wana shida gani?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Kusema ukweli sikuwa na jibu. Sisi tumezoea wao ndio wanaokuja kwetu na mabegi mgongoni kupaka rangi madarasa na kupiga picha na watoto. Mswahili kupanda ndege kwenda kumsukuma bibi wa Kizungu kwenye kiti cha magurudumu, hiyo ilikuwa mpya.

Lakini njia ipo. Zamani vijana wa kiume wa Kijerumani walilazimika kwenda jeshini, na aliyekataa kushika bunduki kwa sababu za dhamiri alipelekwa kuhudumia hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Mwaka 2011 ulazima huo ukasitishwa, ukaanzishwa utumishi wa kujitolea ulio wazi kwa wanaume na wanawake, vijana kwa wazee. Pia tangu 2008 serikali yao ina mpango unaoitwa weltwärts, ulioanza kwa kuleta vijana wao nchi kama zetu. Mwaka 2013 mlango ukafunguliwa kwa upande wa pili, na sisi tukaanza kwenda kwao. Mimi niliingilia hapo. Miezi kadhaa ya Kijerumani pale Goethe-Institut Upanga, viza, sweta mbili za mtumba kutoka Karume, safari.

Nilijiona mjanja mwenzangu! Nikajiambia nakwenda kutoa. Kwa mara ya kwanza, Mtanzania anatoa na Mzungu anapokea. Kichwa kilivimba kiasi kwamba nashangaa kilipita kwenye mlango wa ndege.

Kilinywea mapema sana. Wiki ya pili au ya tatu nilikuwa nimesimama stesheni kuu ya Hamburg nikisubiri treni. Kumbuka hiyo ni vuli ya 2015, mwaka ambao wakimbizi karibu laki tisa waliingia Ujerumani, kundi kubwa kuliko yote likitokea Syria, na pale stesheni kulikuwa na wenyeji wa kujitolea waliojipanga kugawa chakula, nguo na dawa kwa waliokuwa wanapita kuelekea Sweden. Akanijia mama mmoja wa makamo, mpole, akanishika bega na kunipa blanketi na ndizi. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuunga kwamba mimi si mkimbizi, nami ni wa kujitolea kama yeye. Nadhani hakunielewa. Akatabasamu, akaongeza ndizi ya pili.

Nilikasirika, sikufichi. Nilifika chumbani nikalitupa lile blanketi kabatini. Niliona nimedharauliwa. Ilinichukua miezi kujiuliza kwa nini kupewa ndizi kulinikera namna ile, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita ili nikawape watu uji kwa kijiko na nilitegemea washukuru.

Tuje kwenye marafiki sasa.

Hamburg watu husalimiana "Moin". Asubuhi Moin, mchana Moin, usiku Moin. Neno moja, basi, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Mimi ni mtoto wa Tanga kwa upande wa mama, na Tanga salamu ni mkutano. Siku ya kwanza kazini nilimuuliza mfanyakazi mwenzangu ameamkaje, mumewe hajambo, watoto wamelala salama? Alinitazama kama nimetoka idara ya usalama wa taifa. Baadaye nikajifunza kwamba wao wana neno la kumwita mtu unayemfahamu tu, na neno lingine la rafiki, na hawayachanganyi. Mtu unaweza kufanya naye kazi miaka mitano, mnakunywa kahawa pamoja kila siku, na bado ukawa kwenye lile fungu la kwanza. Hata neno "wewe" wanalo la aina mbili, la heshima na la mazoea, na mkubwa ndiye anayetoa ruhusa ya kuhama. Mwenzangu huyo aliniruhusu mwezi wa Novemba, rasmi kabisa, kwa kunipa mkono. Kwetu ingekuwa kama mtu akuite pembeni akwambie, "Kuanzia leo acha shikamoo, sema mambo."

Nilimtembelea kwake Jumapili moja bila taarifa. Si ndivyo tunavyofanya? Unapita, unapiga hodi. Alifungua mlango akiwa na nywele zimefungwa taulo na sura ya mtu aliyepata habari mbaya. "Kuna nini kimetokea?" Hakuna, nimekuja kukusalimia tu. Nikakaa dakika kumi, dakika ndefu kuliko zote maishani mwangu. Nyumbani kwangu nako siku za mwanzo nilikuta karatasi mlangoni, maandishi mazuri kabisa, jirani ananiomba nisiongee na simu kwa sauti baada ya saa nne usiku. Unajua sisi tukiongea na mtu aliye mbali tunapaza sauti ili ifike.

Mwezi wa Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi jioni limeshazama. Naingia kazini giza, natoka giza. Facebook nilikuwa naweka picha kwenye theluji nikicheka, meno yote nje. Ndugu wanaandika "umenenepa", "tukumbuke na sisi", "dada tuma hata elfu hamsini". Posho yangu ilitosha chakula na tiketi ya treni. Nilikuwa natuma hivyo hivyo, halafu nakula tambi wiki nzima, na sikumwambia mtu. Mtu wa kutoa mimi, utasemaje huna?

Hapo ndipo anapoingia dada wa Bolivia. Simtaji jina kwa sababu hapendi kutajwa, na akisikia nimemtaja atanipigia saa hizi hizi. Tulikutana kwenye semina. Wa kujitolea vijana wanapewa siku 25 za semina katika mwaka, mnalala pamoja sehemu moja, mnajadili, mnapika. Yeye alikuwa anafanya kazi chekechea upande mwingine wa mji. Hajui Kiingereza, mimi sijui Kihispania. Tulichokuwa nacho ni Kijerumani kibovu cha aina mbili tofauti.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana nadhani ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mimi kwa Kiswahili ni mtu wa maneno. Naweza kukuzungusha saa nzima usijue nina njaa au nimeshiba. Kwa Kiingereza pia najua kujipamba. Lakini kwa Kijerumani changu cha wakati ule nilikuwa na maneno kama ya mtoto wa miaka minne: nina baridi, nimechoka, hii nzuri, hii mbaya, nataka nyumbani. Huwezi kuringa kwa maneno hayo, wala kuficha kitu. Akiniuliza "habari" najibu "mbaya", kwa sababu neno la "tunamshukuru Mungu, tunaendelea kusukuma gurudumu" silijui. Naye vivyo hivyo. Baada ya miezi miwili dada yule alikuwa anajua mambo yangu ambayo shosti niliosoma nao tangu msingi hawayajui.

Bado tuligombana. Alikuwa akija kwangu nampikia, nampa mtandio, nambebea mzigo. Akitaka kunilipia hata kahawa nakataa. Siku moja akaweka kikombe chini akasema, kwa Kijerumani chake cha kukatakata: "Wewe unatoa, unatoa, unatoa. Mimi ni nani? Maskini wako?" Nilinuna wiki mbili. Nilijiona nimeonewa.

Rafiki yangu wa pili alikuwa na miaka 79, bibi wa chumba namba kumi na nne. Alikuwa na ule mchezo wao wa kete ambao ni ludo yetu ileile, na alikuwa ananifunga kila siku saa tisa alasiri, wakati wa kahawa na keki. Wizi wa kete aliujua vizuri. Kuhesabu kwa Kijerumani nilijifunzia pale. Kabla sijaenda nilikuwa na msimamo wangu kuhusu nyumba za wazee, kama Watanzania wengi: Wazungu wanatupa wazazi wao. Bibi huyu binti yake alikuja kila Jumatano na kila Jumapili, mwaka mzima, hakukosa. Mimi ninayesema sisi tunatunza wazee wetu, bibi yangu mzaa mama alikuwa Muheza, na mara ya mwisho kwenda kumwona kabla ya safari ilikuwa ni miezi minane nyuma. Dar mpaka Muheza ni safari ya basi ya siku moja tu.

Siku moja bibi wa kumi na nne alinisimulia Julai 1943, alipokuwa na miaka saba. Ndege za Waingereza na Wamarekani zililipua Hamburg usiku na mchana kwa siku kadhaa, moto ukawa kama kimbunga, watu zaidi ya 30,000 wakafa. Mdogo wake alikuwa mmoja wao. Alinisimulia huku anapanga kete, akamaliza, akasema, "Zamu yako." Nilikumbuka swali la yule jirani yetu, Wazungu wana shida gani. Nikatupa kete.

Januari 2016 bibi yangu wa Muheza akafariki.

Nilipata habari saa kumi na mbili asubuhi kwa WhatsApp, nikiwa navaa kwenda kazini. Kurudi nyumbani haikuwezekana, nauli ya dharura sikuwa nayo na maziko yalikuwa kesho yake. Nikaenda kazini. Nikagawa chai, nikasukuma viti, nikasema Moin. Sikumwambia mtu hata mmoja. Ningemwambia nani, na nitegemee afanye nini? Kwetu ukifiwa huambii mtu, watu wanajua. Kabla hujaanza kulia vizuri kuna mtu kashachukua ufunguo wa jiko lako.

Bibi wa kumi na nne ndiye aliyegundua, kwa sababu siku ile nilimfunga na sikushangilia. Akauliza, nikasema. Akanishika mkono tu, kisha akamwambia mfanyakazi mwenzangu, yule wa taulo, ambaye jioni alinipa bahasha. Ndani kulikuwa na kadi yenye mstari mweusi pembeni na maneno matatu ya pole, ameyaandika kwa mkono wake. Nitakuwa mkweli, nilijisikia vibaya. Bibi yangu kafa, napewa kadi?

Kesho yake mchana, saa nane kwao, saa kumi huku, nilikuwa nimekaa kitandani natazama picha za maziko zinaingia moja moja kwenye simu. Kengele ya mlango ikalia. Dada wa Bolivia, ambaye hatukuwa tunaongea. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyempigia, namba aliipata kwa mratibu wetu. Hakunikumbatia. Alisimama mlangoni akauliza swali moja: "Kwenu wanafanya nini?"

Nikamwambia. Watu wanakuja, wanakaa chini, kwenye mikeka. Hawasemi sana. Wengine wanapika.

Akatoa simu. Ndani ya saa mbili chumba changu, ambacho kitanda kikifunguliwa droo ya kabati haifunguki, kilikuwa na watu saba. Wa kujitolea wenzangu wanne, wengine siku ile ndiyo nilijua vizuri wanatoka nchi gani, na mwenzangu wa kazini na mumewe. Yule mama wa miadi, ambaye kumtembelea inabidi umwandikie wiki moja kabla, amekuja bila taarifa. Mkeka hatukuwa na mkeka. Nikakumbuka kabatini kuna blanketi. Tukalitandika lile la stesheni, tukakaa. Mvulana mmoja akapika wali ukaungua. Mume wa mwenzangu alikuwa anatazama saa kila baada ya dakika tano, magoti yanamuuma maskini, lakini hakuondoka hadi saa tatu usiku. Hakuna aliyesema neno la maana. Nililia vizuri kwa mara ya kwanza, na nikawaacha waoshe vyombo.

Ni pale kwenye blanketi ndipo nilipomkumbuka Madamu Mzungu.

Kidato cha pili, mwaka 2008, nilikuwa shule ya bweni ya wasichana huko Morogoro. Tulipata mwalimu wa kujitolea, Mjerumani, msichana wa kama miaka kumi na tisa. Alitufundisha Kiingereza na kucheza netiboli. Jina lake alilitaja siku ya kwanza na sisi hatukulishika, tukamwita Madamu Mzungu mwaka mzima. Tulicheka Kiswahili chake. Tulimuomba kalamu, sabuni, biskuti, naye alitoa. Wiki moja hakutokea darasani, tukasikia kafiwa na baba yake kwao na hakuweza kwenda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nakumbuka kabisa mmoja wetu alisema bwenini, "Wazungu hawana misiba ya kulia kama sisi." Hakuna aliyekwenda kukaa naye, wasichana zaidi ya mia wa Kitanzania tunaojua msiba ni nini. Na aliyesema maneno yale bwenini ni mimi.

Kwa hiyo msomaji wangu wa mwaka wa pili, nenda. Nilikwambia na narudia. Ila saini mkataba kwanza, hakikisha bima ya afya imo na nyumba ya kukaa imo, na mtu akikuomba pesa ya "kushughulikia viza" kwa simu kabla hujaona karatasi yoyote, mfungie namba. Ongea na chuo upate barua ya kuahirisha, usiondoke kienyeji. Wenzangu wawili waliondoka kienyeji na kurudi chuoni ikawa kesi. Jifunze lugha yao, hata ikiwa mbovu, hasa ikiwa mbovu. Na marafiki utapata, ila hawatakuja kwa sababu wewe ni mkarimu. Ukiwa na njaa sema una njaa. Ukipewa ndizi, kula.

Bibi wa kumi na nne alifariki 2018, binti yake alinitumia kadi yenye mstari mweusi, na safari hii nilijua jinsi ya kuisoma. Dada wa Bolivia yuko kwao, ana watoto wawili, na mpaka leo tunaongea Kijerumani kibovu.

Niliporudi nchini Septemba 2016, kabla hata sijakwenda chuo nilipanda basi hadi Morogoro. Katibu wa shule alinitolea madaftari ya zamani ya wageni, tukapekua mpaka mchana. Jina lilikuwepo, na anwani ya kwa wazazi. Nikamwandikia barua kwa Kijerumani, nikasema mimi ni nani, na nikasema lile nililolisema bwenini. Jibu lilikuja baada ya miezi mitano, ukurasa mmoja. Alishukuru. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Aliandika kwamba ile wiki ya msiba, siku aliyorudi kazini, alikuta embe moja kubwa limewekwa juu ya meza yake darasani, halina karatasi wala jina, na kwamba embe lile ndilo lililomfanya asifungashe mizigo. Akauliza, "Ulikuwa wewe?"

Nilitamani sana kuandika ndiyo. Nilimjibu kwamba hapana, si mimi.

Lakini bado anataka kujua, na kila Krismasi tunapoandikiana huuliza tena. Kwa hiyo natumia nafasi hii ya ukurasa wangu. Kama ulisoma bweni Morogoro, kidato cha pili mwaka 2008, na ni wewe uliyeweka lile embe, niandikie kwa anwani ya gazeti. Kuna mtu anakutafuta.